Kuku Wanakula, Mayai Hayaonekani: Kutafuta Kosa Kwenye Chakula cha Kuku wa Mayai, Mtwara na Lindi

Mayai yakipungua bandani, wa kwanza kushtakiwa ni mwenye duka la chakula. "Mzigo wa safari hii wamechakachua." Wakati mwingine ni kweli. Ila kwenye mabanda mengi ya huku kusini kosa huwa liko katikati, kati ya mdomo wa mfuko na mdomo wa kuku: chakula kimeongezwa pumba, kimelala stoo yenye unyevu, au ni kizuri kabisa lakini joto la mchana limewazuia kuku kukila. Kuku hatagi kwa asilimia zilizoandikwa kwenye mfuko. Anataga kwa gramu zilizoingia tumboni mwake siku ile.

Kwa hiyo tuanze na gramu. Mtetea wa kisasa anayetaga vizuri hula kama gramu 110 hadi 120 kwa siku. Chakula chake kinatakiwa kiwe na protini asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4 na kidogo. Chukua chakula chenye protini 17 na kalsiamu 3.8: akila gramu 110 amepata karibu gramu 19 za protini na gramu 4 na kitu za kalsiamu. Ganda la yai moja lina kalsiamu kama gramu 2, na kwa kuwa mwili haunyonyi yote iliyoliwa, hizo gramu 4 ndizo zinazolifikisha yai kwenye trei likiwa zima.

Sasa njoo Lindi mjini mwezi wa Januari, saa nane mchana, banda la bati. Kuku wametanua mabawa, wanahema midomo wazi. Siku hiyo atakula gramu 90. Mfuko ni uleule, bei ni ileile, lakini protini imeshuka kwenye gramu 15 na kalsiamu 3.4. Hakuna aliyechakachua kitu.

Kwanza jiulize kama ni chakula kweli

Kosa la chakula kwa kawaida hujitokeza polepole na kwa banda zima: leo trei tatu, wiki ijayo mbili na nusu, na kuku wenyewe wanatembea, wanaparua, wanakuja mbio ukiingia na ndoo. Mayai yakianguka ghafla ndani ya siku mbili tatu, kuku wakajikunyata, wakakoroma, wakahara kijani au wakaanza kufa, acha habari za mfuko. Huo unaweza kuwa mdondo au ugonjwa mwingine, na anayetakiwa ni afisa mifugo wa kata yako. Hapo hapo jikumbushe chanjo ya mwisho ya mdondo ulitoa lini. Ile ya tone la jicho ya I-2 hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na wengi huiacha baada ya mara ya kwanza.

Kuna sababu nyingine ambazo hazina uhusiano na mfuko. Kuku aliyetaga mwaka mzima na zaidi atapumzika apukutishe manyoya, umpe chakula gani. Chotara na wa kienyeji huatamia. Kuku wanaotembea hutaga vichakani. Kabla hujabadilisha chakula, zunguka nyuma ya mkorosho.

Halafu kuna mwanga, ambao wafugaji wengi hawauhesabu. Mtetea anataka mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku ili atage kwa nguvu zake zote. Sisi huku mchana wetu hauvuki saa 12 na dakika 40 hivi hata mwezi wa Desemba, na Juni na Julai unashuka chini ya saa 12. Ndiyo maana mayai husinyaa wakati wa kipupwe na watu wakaapa kwamba kiwanda kimeharibu chakula. Taa ndogo kuanzia alfajiri, au kuendelea hadi saa tatu usiku, hufanya kazi ambayo mfuko wa bei ghali hauwezi. Ukishaiwasha usiiwashe leo na kuizima kesho.

La mwisho kabla ya chakula ni maji. Kuku hunywa maji mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, yaani kama robo lita kwa siku, na kwenye joto kali anaweza kufika nusu lita. Akikosa maji hali, na asipokula hatagi. Kuku 100 ni lita 25 siku ya kawaida. Siku ya jua kali weka 40 na uangalie kama zinabaki. Kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde ambako ndoo ya maji hununuliwa, hapa ndipo pa kuanzia kabla ya kitu kingine chochote. Kwa walioko pwani maji yapo, ila yako kwenye ndoo nyeusi juani tangu saa nne. Tumbukiza mkono. Kama ni ya vuguvugu, kuku wameshayasusa.

Maganda laini, membamba, au yai limetoka bila ganda

Hili ndilo tatizo linaloleta watu dukani kuliko yote, na lina mizizi mingi, kwa hiyo tutakaa nalo.

Angalia mfuko kwanza. Uliandikwa "Layers"? Chakula cha kukuzia kina kalsiamu kama asilimia 1 tu, na cha kuku wa nyama hakizidi hapo. Mfugaji aliyebakiwa na mifuko miwili ya kukuzia akaona aimalizie kwa kuku walioanza kutaga atapata mayai tepetepe ndani ya siku chache, na kuku wake wataanza kuvuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa yao. Wengine huishia kulala ubavu, miguu haina nguvu. Kinyume chake nacho kina madhara: ukiwapa vifaranga au matetea ya wiki kumi chakula cha kutagia kwa kuwa ndicho kilichopo, kalsiamu nyingi inaumiza figo zao. Anza kuwahamisha yai la kwanza linapoonekana, kwa kawaida wiki ya 18 hadi ya 20 kwa kuku wa kisasa.

Kama mfuko ni sahihi, swali linalofuata ni hili, na ujibu kwa ukweli: umeongeza nini? Nimewahi kumsikia mama mmoja wa Mikindani akijibu, "Siongezi kitu, baba, naweka pumba tu kidogo ili mfuko ufike mwisho wa mwezi." Kidogo hicho kilikuwa kiroba nusu kwa mfuko mzima. Tupige hesabu. Mfuko wa kilo 50 wenye kalsiamu asilimia 3.8 una kilo 1.9 za kalsiamu. Ongeza kilo 25 za pumba za mahindi, ambazo kalsiamu yake ni kama hakuna. Sasa una kilo 75 zenye kalsiamu asilimia 2.5. Kuku akila gramu zake 110 anapata 2.8 badala ya 4.2. Protini nayo imetoka 17 hadi chini ya 15. Ukitumia unga wa makopa badala ya pumba kalsiamu ni hivyo hivyo, lakini protini inaporomoka hadi 12, kwa sababu muhogo mkavu una protini asilimia 2 au 3 tu. Chakula kilichokamilika kiwandani hakina nafasi ya kuongezwa kitu. Kama pesa haitoshi, ni afadhali upunguze kuku.

Ukubwa wa punje za chokaa ni jambo ambalo hata wachanganyaji wazoefu hulipuuza. Ganda hutengenezwa kwa saa kama 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni usiku, kuku akiwa amelala. Chokaa iliyosagwa kama poda hupita tumboni haraka. Ikifika saa nane usiku imekwisha. Punje za milimita 2 hadi 4 hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu hadi alfajiri. Hapa sisi wa pwani tuna bahati. Magamba ya chaza na kome yanayotupwa baada ya kina mama kutoka kuchokoa yana kalsiamu karibu asilimia 38, sawa na chokaa nzuri ya mifugo. Yaoshe chumvi na nyama, yaanike, yatwange mpaka yawe kama chenga za mahindi, kisha yaweke kwenye chombo chake pembeni, si ndani ya chakula. Anayehitaji atakula, hasa jioni; jogoo atapita tu. Matumbawe yaache baharini.

Na jihadhari na neno "chokaa". Ile ya kupaka kuta au iliyotoka tanurini inaunguza midomo na matumbo. Ya mifugo ni mawe yaliyosagwa tu, hayajachomwa. Ukiidondoshea ndimu au siki inatoa povu la kutosha. Isiyotoa povu ni vumbi la kitu kingine. Hapo una haki ya kurudi dukani na maneno yako.

Kwa Nachingwea, Ruangwa, Liwale na Kilwa, ambako ufuta unalimwa sana, kuna kisa kingine. Mashudu ya ufuta ni chakula kitamu na protini yake inafika 40. Lakini yana vitu vinavyoikamata kalsiamu na zinki ili mwili usizipate. Mtu anayeyaweka kwa wingi kwa kuwa yamepatikana kwa bei ya bure hushangaa maganda yakiwa membamba wakati chokaa ameweka ya kutosha. Yasizidi sehemu moja katika kumi ya mchanganyiko, na uyaoanishe na soya au dagaa, maana yamejaa methionini lakini yana upungufu wa laisini, ambazo zote mbili ni vijenzi vya protini.

Kama yote hayo yako sawa, baki na joto. Kuku anayehema kwa nguvu hupoteza hewa ya kaboni ambayo mwili unaitumia kujengea ganda, kwa hiyo maganda hulainika hata kalsiamu ikiwepo. Dawa yake ni paa na upepo: makuti juu ya bati, ukuta wa wavu upande wa bahari. Kuku wawili watatu tu wenye mayai mabovu katika banda la mia ni uzee au hitilafu ya mfuko wa uzazi. Usibadilishe chakula cha mia kwa ajili yao.

Mayai yanapungua taratibu, kuku wazima, maganda magumu

Hapa mwenye kosa ni protini au nguvu, au chakula hakiliwi cha kutosha. Fanya kipimo hiki siku moja, kina thamani kuliko ushauri wa watu kumi. Pima chakula unachoweka asubuhi na mchana. Kesho yake asubuhi kusanya mabaki kwenye vihori, upime. Toa, gawanya kwa idadi ya kuku. Kuku 60, uliweka kilo 6.5, zimebaki 0.9: zimeliwa kilo 5.6, ambazo ni gramu 93 kwa kila kuku. Umeshajua kwa nini mayai yamepungua, na hujatumia hata shilingi.

Kama ni gramu 93 kwa sababu ya joto, badilisha saa za kulisha. Weka cha kwanza saa kumi na mbili asubuhi bado kukiwa na ubaridi, na kingine kuanzia saa kumi jioni. Mchana waache na maji na kivuli. Kipindi cha Novemba hadi Machi tafuta chakula chenye protini 18 badala ya 16, ili kile kidogo anachokula kitoshe.

Kama ni gramu 115 na bado mayai yanashuka, chutama mbele ya kihori ukiangalie chakula chenyewe. Chota kiganja, kipeperushe kidogo. Utaona chenga nyeupe za mahindi, maganda meusi ya alizeti, vumbi la rangi ya majivu. Kuku anachagua chenga kwanza. Wenye nguvu wanakula mahindi, wanyonge wanabaki na vumbi lenye premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na dagaa. Mwisho wa siku kihori kina unga laini chini ambao hakuna anayeutaka, na wewe unamwagia mpya juu yake. Acha kihori kiishe kabisa mara moja kwa siku ndipo uongeze. Mahindi yaparazwe kwa usawa, yasiwe vipande vikubwa na unga.

Wanaochanganya wenyewe watazame dagaa. Dagaa safi waliokaushwa vizuri wana protini zaidi ya asilimia 50. Wa kuanikwa mchangani wana mchanga ambao umeununua kwa bei ya samaki. Chukua kiganja cha dagaa waliosagwa, weka kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika moja. Mchanga utakaa chini kama mstari. Wakiwa na chumvi kali, punguza chumvi kwenye mchanganyiko; chumvi yote isizidi kama gramu 300 kwa kilo 100, la sivyo utaona kinyesi cha majimaji.

Mchanganyiko mmoja unaosimama vizuri kwa kilo 100 ni huu: mahindi yaliyoparazwa 54.5, pumba za mahindi 6, mashudu ya alizeti 14, mashudu ya soya 8, dagaa 7, chokaa ya mifugo 9, DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) kilo 1, kisha chumvi na premiksi ya kuku wa mayai robo kilo kila moja, ila kwa premiksi fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yake. Unakupa protini karibu 16.5 na kalsiamu kama 4. Premiksi na chumvi zichanganye kwanza na kilo mbili tatu za pumba ndipo umwage kwenye lundo kubwa, zisije zikajikusanya mahali pamoja. Mahindi yakipanda bei unaweza kubadilisha kilo 15 kwa makopa yaliyokauka vizuri, lakini uongeze kilo 2 za soya juu yake, na muhogo mchungu usiutumie.

Kuna mbaazi pia. Kusini tunalima mbaazi nyingi, na mwaka bei ikianguka watu huwamwagia kuku. Zina protini kama asilimia 20, nzuri kabisa, lakini zikiwa mbichi zina vizuizi vinavyozuia protini isiyeyushwe tumboni. Zikaange au zichemshe na kuzianika kwanza, kisha zisage.

Wanene, wanang'aa, hawatagi

Hili ni la msimu wa korosho, na la wenye chotara kama Kuroiler na Sasso. Korosho zilizovunjika, mabaki ya kubangua, mahindi matupu asubuhi na jioni. Korosho karibu nusu yake ni mafuta. Kuku ananenepa, mafuta yanazunguka ini na njia ya mayai, kisha siku moja unamkuta amekufa upanga wake umepauka. Mshike kuku chini ya mkia: kati ya mifupa miwili ya nyonga vidole viwili au vitatu vinaingia kwa anayetaga, kwa mnene asiyetaga kinaingia kimoja, na tumbo limejaa kitu kigumu kama mto. Ondoa korosho na mahindi ya ziada, mrudishe kwenye chakula cha kutagia kilichopimwa. Maganda ya korosho usiyakaribishe bandani kabisa, hata kama matandiko: yale mafuta yanayobabua mikono ya wabanguaji yatababua na miguu ya kuku.

Na niseme wazi kuhusu kuku wa kienyeji wa kutembea. Anataga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Kumlisha gramu 110 za chakula cha kiwandani kila siku ni kumpa zawadi, haileti faida. Kiganja cha pumba na dagaa jioni, magamba yaliyotwangwa na maji safi vinamtosha.

Mayai madogo

Miezi miwili ya mwanzo ni kawaida. Baadaye, pima trei nzima: mayai 30 ya gramu 58 ni kilo 1.74 bila trei. Yakiwa chini ya kilo 1.6 kwa kuku wa miezi tisa, methionini ndiyo mtuhumiwa, hasa kwa anayetegemea soya au karanga peke yake. Ongeza dagaa, ufuta kidogo, au methionini ya dukani gramu 100 kwa kilo 100.

Kiini cheupe

Si ugonjwa, wala yai halijapungukiwa protini. Mahindi yetu ni meupe, mtama na makopa pia, na rangi ya kiini inatoka kwenye majani na mahindi ya njano. Wateja wa hotelini hulalamika, kwa hiyo wape kuku mchicha, matembele, majani ya mlonge, au kisamvu kilichokaushwa kivulini hadi kikavunjika mkononi. Rangi inarudi ndani ya wiki mbili. Kiini kikiwa cha kijani kibichi au hudhurungi baada ya mayai kukaa siku chache, uliza kama kuna mashudu ya pamba kwenye mchanganyiko. Kuku wa mayai hayamfai.

Ganda la kahawia lililopauka ghafla lina sababu zake: joto, umri, ugonjwa wa njia ya hewa. Lakini pia baadhi ya vyakula vya vifaranga na vya kuku wa nyama vina dawa ya koksidia (ugonjwa wa kuhara damu) iitwayo nikabazini, ambayo hupausha ganda na kushusha utagaji. Ni sababu nyingine ya kutomalizia mabaki ya kuku wa nyama kwa kuku wa mayai.

Yai linanuka samaki

Dagaa wamezidi, au wameoza. Wasipite asilimia 10. Harufu inaisha siku chache baada ya kuwapunguza.

Wanadonoana, wananyonyoka, wanakula mayai

Wengi hukimbilia kukata midomo. Kabla ya kisu, angalia kama protini imeshuka, kama chumvi imesahaulika kabisa kwenye mchanganyiko, kama kuku wanabanana. Kuku anayekula manyoya yaliyoanguka chini mara nyingi anatafuta protini. Anayekula mayai alianza na lililovunjika, na lilivunjika kwa kuwa ganda lilikuwa jembamba; rudi juu kwenye maganda. Kusanya mayai mara tatu kwa siku, tundika fungu la majani juu kidogo ya vichwa vyao wapate cha kudonoa.

Wamesusa chakula, au wanakila na kuhara

Nusa. Chakula kizuri kinanuka unga na samaki kwa mbali. Kilichoharibika kinanuka uvundo, kina mabonge yasiyovunjika kirahisi, au ukitumbukiza mkono katikati ya mfuko unakutana na joto. Msimu wetu wa mvua ni mmoja na mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na miezi yote hiyo hewa ya pwani ina unyevu. Mahindi na karanga zenye unyevu wa zaidi ya asilimia 13 au 14 huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao huacha sumukuvu. Sumu hiyo inaharibu ini, inashusha mayai, na mabaki yake yanaweza kuingia hata kwenye yai unalokula. Kuanika juani hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, na kuchanganya chakula kibovu na kizima ni kueneza tu.

Stoo iwe na chaga za mbao, mifuko isiguse ukuta wala sakafu. Nunua cha wiki mbili hadi tatu, kisizidi mwezi, kwani vitamini za premiksi nazo zinakufa kwa joto. Hapa kuna jambo la hesabu: chakula kinachotoka Dar es Salaam kimesafiri mamia ya kilomita na pengine kimelala ghalani kabla hujakiona. Soma tarehe ya kutengenezwa, si ya kuisha tu. Mfuko ulioshonwa mara mbili kwa uzi wa rangi tofauti uache hapo hapo. Mwenye kuku zaidi ya mia na mashine ya kuparaza karibu atapata nafuu kwa kununua konsentreti (sehemu ya protini, madini na vitamini peke yake), akachanganya na mahindi na pumba za hapa hapa kwa uwiano ulioandikwa. Anasafirisha kilo chache na mahindi anayajua shamba lake.

Ukiamua kubadilisha

Badilisha kwa wiki nzima: robo mpya na robo tatu za zamani kwa siku mbili, nusu kwa nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, kisha mpya tupu. Ukibadilisha kwa siku moja, mayai yatashuka na hutajua kama ni mfuko au ni mshtuko. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Aliyeongeza chokaa, vitamini na taa siku hiyo hiyo hana namna ya kujua kilichomponya. Mayai hayarudi kesho yake. Maganda yanaweza kukaza ndani ya siku chache, idadi huchukua wiki mbili na zaidi.

Ukibaki na shaka na mfuko wenyewe, chota kidogo juu, katikati na chini ya mifuko miwili mitatu, changanya upate nusu kilo, weka kwenye mfuko wa karatasi mkavu, andika tarehe na namba ya mzigo iliyo kwenye lebo. Anzia kwa afisa mifugo, au nenda kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA) kilichopo Mtwara ukaulize kipimo gani kinafanyika pale na kipi kinapelekwa Dar es Salaam. Wataalamu wa utafiti wa mifugo wako Naliendele, safari fupi ya daladala kutoka mjini. Nenda na kuku mmoja mgonjwa kama yupo, akiwa hai, na ile karatasi yako ya gramu zilizoliwa.